Mikono ya Kumsinga Mwali

Ulikuwa ule mwaka ambao sisi watu wa wali tulikula ugali wa makopa ya muhogo asubuhi na jioni, maana mafuriko yalibeba mpunga wote. Mwaka huohuo nilimzika mume wangu. Sikulia. Mimi si mwanamke wa kugaragara matangani.

Nikakaa eda kimya, na humohumo ngozi ikaanza: magamba meupe viwikoni, magotini, hadi viganjani. Nikasema ni maji ya mafuriko. Nikajisugua kwa dodoki na majivu mpaka damu.

Eda ilipokwisha nikatoka kwetu Ruaruke kwenda hospitali ya Kibiti. Daktari, binti wa bara, akanishika mikono bila kinyaa.

"Bibi, kabla haya hayajaanza, nyumbani kulitokea nini?"

Nikashtuka. Nimeleta ngozi, yeye anauliza ya nyumbani!

"Nilifiwa na mume."

"Pole. Ugonjwa huu hauambukizi. Ila huzuni ukiifungia, huuchochea."

"We mtoto, kiwiko kitajuaje kama nimefiwa?"

Akacheka, akanipa dawa ya kupaka, akanikataza majivu. Magamba yakapungua.

Kisha ikaja harusi ya mjukuu wangu. Kwetu bibi ndiye humsinga mwali, humsugua liwa na manjano mwili mzima, siku saba. Wakubwa zake wote nimewasinga mimi. Binti yangu, mama wa mwali, akaja akaniambia huku anatazama ukuta:

"Mama, tumemwomba jirani amsinge. Watu wanaogopa mikono yako."

Mtoto niliyemzaa!

Siku ya tatu baada ya maneno yale viganja vikawaka vyekundu, vikapasuka. Nikavikodolea macho: kumbe yule binti wa bara alisema kweli! Hapo nikalia, nikamlilia mume wangu na aibu yangu kwa mpigo mmoja. Yule jirani akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine.

Binti yangu naye akaja. Nikamweleza yote ya daktari. Akainama. Kesho yake akanirudishia bakuli la liwa, lakini juu yake kaweka glovu.

"Vaa basi hizi, mama, watu wasiseme."

"Sivai. Mjukuu wangu namsinga kwa mikono hii."

Mwali alishakaa mkekani, mgongo wazi. "Bibi, njoo, mie baridi!"

"Manjano yatakuwasha, mama. Vaa japo mkono mmoja," binti yangu akanisihi.

"Sivai. Mjukuu wangu namsinga kwa mikono hii."