Kiroba cha Mchanga

Leo lori limenimwagia mchanga wa ujenzi uani. Bado umelowa, na harufu ya mto imeingia hadi jikoni. Chai imenishinda.

Kiangazi kimoja, nikiwa mtoto, mimi na mama tulipanda bodaboda mshikaki, mimi katikati. Nilidhani tunamfuata baba, aliyekwenda kuvua. Mkondo mmoja wa mto Kilombero ulikuwa umekauka, pikipiki ikavuka hadi kisiwani. Hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa mweupe, laini kama unga wa mchele. Nilikimbia, nikagaagaa, nikacheka peke yangu.

"Njoo unisaidie kujaza kiroba," mama aliniita. Nikachota kwa mikono miwili.

"Unatosha, mama," dereva alisema, kofia ameivua. "Pole sana."

Njiani niliuliza, "Mama, kesho tuje tena?" Alikivuta kiroba karibu naye.

Nyumbani tulikuta turubai limefungwa na kaburi limechimbwa. Kwetu, aliyechukuliwa na mto asionekane huzikwa kwa mchanga wa pale alipozama. Wazee waliumimina kwenye sanda, wakaifunga vizuri. Shangazi akaniinamia.

"Muage baba yako."

Nilitazama mikono yangu. Mchanga ulikuwa bado kwenye kucha.