Chaja Kubwa, Suruali Nyeupe

Leo naweza kuusimulia mkasa huu huku nakunywa chai, lakini miaka ile ya hamsini mtu akitaja tu Kishapu mbele yangu nilikuwa naondoka kwa kisingizio cha kwenda kuangalia tairi, maana aibu niliyoipata kule niliipata mbele ya watu wa vijiji vitatu, wakwe zangu wakiwemo.

Nilikuwa dereva wa lori la Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Tinde, mtu wa Tabora, mnene, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Pamba ikishauzwa tulizunguka kwenye minada na ngoma tukiuza khanga, majembe na mafuta ya taa. Mwaka ule akanunua kipaza sauti cha kuitia wateja, na ili kisinyonye betri ya kuwashia lori, tukafunga betri ya pili nyuma ya kibanda cha dereva. Tatizo likawa kwamba dainamo ya lori ilikuwa inailisha ile ya kwanza tu; ya pili ikiisha, imeisha. Basi Bwana Hamisi akanituma Shinyanga mjini nikachague chaja, tuwe tunaichomeka kwenye jenereta iliyofungwa pamoja na mashine yake ya kusaga.

Muuza duka akaniwekea mbili mezani. Moja ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja, akasema ni ya betri moja na inajaza polepole. Nyingine kubwa kama sanduku la bibi harusi, ina mpini wa kuzungusha na mshale unaochezacheza, akasema hiyo ni ya magereji, inachaji betri nyingi kwa mpigo.

"Betri yako ina ukubwa gani?" akaniuliza.

"Ya lori hiyo," nikamjibu (kana kwamba hilo ni jibu). "Nipe kubwa. Mimi siendeshi baiskeli."

Na ndivyo nilivyokuwa, jamani, sikuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Sasa siku ya ngoma Kishapu ndiyo ilikuwa siku yangu kubwa. Kule ndiko kwao Nyamizi, binti tuliyekuwa tumeshaelewana, na wazee wake walikuwa wamekubali kwamba ngoma ikiisha watanipokea nyumbani nijieleze. Nikashonewa suruali nyeupe ya drili, pasi imenyooka mpaka ungeweza kukatia mkate. Asubuhi nikaivaa kabisa (nani angenizuia?), halafu ndipo nikakumbuka kwamba betri ya pili ni tupu. Nikaichomeka kwenye chaja, nikazungusha mpini mpaka mwisho, nikawaza kwamba kama polepole inachukua siku nzima, basi kwa nguvu itachukua muda wa kunywa chai.

Niliporudi betri ilikuwa inachemka kama uji wa msibani. Inatoa povu kwenye vifuniko, inanuka, inakohoza. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nikafurahi, nikasema hii sasa imejaa mpaka imemwagika! Nikachomoa waya, nikaikumbatia betri kifuani na mapajani, nikaipandisha kwenye lori, na mikono iliyolowa nikaifutia makalioni. Bwana Hamisi akaniona.

"Masanja, hayo maji ya betri hayana ubaya?"

"Yatakauka njiani, Bwana."

Kweli yalikauka. Jua lile, vumbi lile, mapaja yananiwasha njia nzima, mimi najikuna na kuimba.

Kishapu tukakuta uwanja umefurika, makundi mawili ya ngoma yanajiandaa, akina mama wamekaa upande mmoja, na katikati yao mama yake Nyamizi, amejifunga khanga mpya, ametulia kama malkia. Wasukuma mnajua heshima ya mkwe ilivyo: mama mkwe humkaribii hovyo, humtazami usoni, na ukikutana naye njiani unampisha. Mimi nikapanda juu ya lori, nikashika kipaza sauti, nikawasha, nikawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba na mama! Tulieni wote mnitazame mimi!"

Sauti ikatoka safi, mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Watu wakatulia, wakanitazama kama nilivyoomba. Nikainama kufungua mzigo wa khanga, nikasikia upepo mahali ambapo upepo hauna kazi. Bwana Hamisi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza:

"Masanja, usigeuke. Huna suruali."

"Ninayo, Bwana. Naiona."

"Unayo mbele."

Nikapapasa nyuma. Mayu wane, mama yangu! Kitambaa kilikuwa kimeliwa na yale maji ya betri, kinabaki mkononi mwangu kama mkate uliolowa. Na kwa kule kupapasa, mbele nako kukaachia, miguu yote miwili ya suruali ikashuka mpaka kwenye viatu, nikabaki na kaptula ya ndani iliyoshonwa kwa mfuko wa unga (tulishona hivyo wengi, msinicheke), maandishi ya kiwanda yako palepale, na waliojua kusoma wakawasomea wasiojua.

Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikamwuliza Bwana Hamisi kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama mkwe ameona?"

"AMEONA!" uwanja mzima ukajibu.

Ndipo nilipogundua kwamba kipaza sauti kilikuwa bado kiko mdomoni pangu.

Mama yake Nyamizi alijifunika uso kwa khanga, akainuka, akaondoka na wenzake wawili wamemshika mikono kama mtu aliyefiwa. Nikataka niombe radhi, nikaanza, "Mama, nisamehe, ni chaja..." na hapohapo betri ikafa. Ilikuwa na nguvu ya kutangaza aibu yangu mpaka mtoni, ya kuomba msamaha ikaikosa. Bwana Hamisi akachukua khanga ya biashara, akanifunga kiunoni, akanishusha taratibu kama mzigo wa vyungu.

Nilikwenda kukaa ndani ya lori, nimeamua kwamba nitarudi Tinde na sitaoa tena maishani. Lakini jioni baba yake Nyamizi akaja mwenyewe dirishani. Nikashuka na khanga yangu, nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wachumba wengine wanatuficha mambo, tunakuja kuyajua baadaye. Wewe tumeshakuona wote. Njoo nyumbani ule."

Nilimwoa Nyamizi msimu uliofuata, ingawa mama yake ilimchukua muda mrefu kunijibu salamu bila kuziba mdomo kwa khanga.

Watu bado wananijia kwa ushauri, maana sasa magari yenye betri mbili ni mengi, na mimi ushauri ninao, wala siutoi kwa woga. Nawaambia: kwanza jua betri yako ya pili ni kubwa kiasi gani, kisha tafuta chaja inayolingana nayo, isiyoizidi, uipe muda wake, na ikianza kuchemka chomoa. Halafu, kabla hawajaondoka, nawauliza siku hiyo watavaa nini.