Hodi ya Tatu

Tulisikia kwanza. Kioo cha televisheni kilikuwa cheusi kabisa, na ndani ya weusi ule mtu alikuwa akikanyaga kahawa. Krach. Akatulia. Krach.

"Nani huyo anakanyaga kahawa ya watu?" aliuliza baba yake rafiki yangu, mkulima wa Matiri, kwa sauti ya mtu aliye shambani kwake.

Ukumbi wa shule ukacheka, lakini kidogo. Kwetu Mbinga hakuna mwenyeji anayekanyaga kahawa iliyoanikwa. Kabla ya kuonyeshwa sura yoyote, tulikwisha kujua kwamba huyu ni mgeni, na hana nia njema.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupandisha magari yao milimani kufuata kahawa, na mjini akatokea mpiga video za harusi. Kamera yake ndiyo tuliyoazima. Rafiki yangu, binti wa mkulima yule, aliongoza filamu. Sisi wengine tulibeba taa. Baba yake alikuja na neno moja: akiona ni mchezo wa kupoteza muda, binti anaacha kikundi chetu na kurudi naye nyumbani. Begi la binti lilikuwa tayari miguuni pa mzee.

Picha ikaja. Mikono ya mwanamke ikipepeta mahindi, karibu sana, uso hatuuoni. Nyuma yake, mlango.

"Hodi."

"Karibu!" ukumbi mzima uliitikia, tukaangua kicheko.

Hodi hiyo haikuwamo katika mpango wetu. Mwenzetu aliyeigiza jambazi, kijana wa kando ya Ziwa Nyasa, alitakiwa kuingia kimyakimya, lakini kila tuliporekodi ulimi ulimtangulia. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. "Jambazi gani wewe, una adabu kuliko katekista!" tulimtania. Rafiki yangu peke yake hakucheka. Alisema, "Iacheni. Ila mwanamke asiitikie."

"Hodi." Mikono ikaacha kupepeta. Wachache ukumbini wakaitikia, kwa sauti ndogo. Kamera ikatua juu ya komeo, ikakaa, ikakaa, mpaka komeo la mbao kama la kwetu likawa kitu nisichokijua.

"Hodi." Hakuna aliyeitikia. Baada ya hodi ya tatu, muungwana huondoka. Tulisubiri nyayo zigeuke juu ya kahawa.

Komeo likasogea.

Weusi.

Nilikuwepo tuliporekodi. Nilijua komeo lilivutwa kwa uzi, na bado nywele zilinisimama.

"Kahawa ile ya nani?" mzee aliuliza hatimaye.

"Maganda matupu, Baba. Tuliyachukua mashineni."

"Maganda!" Akatikisa kichwa. "Na aliyeingia ni nani?"

"Bado hatujarekodi."

Mzee akalisukuma begi kwa mguu hadi kwa binti yake.

"Basi baki umalize. Nataka nimwone."

Mlangoni alisita, akalitazama komeo la ukumbi. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake polepole, na sisi tukabaki tukisikiliza.