Shemeji Hamza na Ubao wa Chini

Kabula binti Masunga ana ugonjwa mmoja. Akimwona mtu anajitia ujuzi, hamkatizi. Humwacha ajitie mpaka atosheke, ndipo amsaidie. Ni fundi seremala, ana karakana yake mwenyewe hapa Bariadi, na miaka minne alifanya kazi Mwanza kwenye mashine zinazochonga mbao kwa kompyuta. Wateja hulalamikia mdomo wake. Milango yake hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Basi Jumatano moja mchana akapigiwa simu na shemeji yake Hamza, mume wa mdogo wake Nyanjige. Hamza ni mtu wa Kondoa, ana duka la vyombo sokoni, na mwezi uliopita alijinunulia mashine ndogo ya CNC, ya aina hiyohiyo ya kuchonga kwa kompyuta, akaiweka chumba cha nyuma kwenye maboksi ya sufuria.

"Shemeji, njoo. Nimekwisha."

Kilichommaliza ni mdomo wake mwenyewe. Baba mkwe wake, Mzee Masunga wa Lingeka, alikuwa anakuja kesho yake. Miaka sita tangu Hamza aoe, mzee yule hajawahi kumwita kwa jina. Humwita "yule wa sufuria". Kwake yeye mwanaume ni mtu anayeweza kukuonyesha kitu alichokifanya kwa mikono yake: zizi, mzinga, hata mpini wa jembe basi. Siku moja uchungu ukampanda Hamza, akasimama mbele ya ukoo mzima akatamka kwamba mzee akija mjini atalikuta bao la isolo, ule mchezo wa kete wa Kisukuma, limechongwa na mkwe wake. Vigelegele vikapigwa. Mzee akasema tu, "Tutaona."

Sasa mabao matatu yalikuwa sakafuni, yote mabovu. Upande wa kushoto mashimo yamezama, unaweza kunywea uji. Upande wa kulia kisu kimepapasa tu, kete ikiwekwa inabingirika na kwenda zake.

Kabula alimkuta shemeji yake amelala kifudifudi chini ya meza, pima maji mkononi, anasokomeza vipande vya boksi chini ya miguu ya mashine.

"Tazama, shemeji! Povu limekaa katikati kabisa!"

"Hongera. Na kule nyuma?"

Hamza akatambaa hadi nyuma, akaongeza boksi.

"Na kona ile?"

Akaenda kona ile. Kabula akajifungulia soda kwenye friji ya mwenyewe, akakaa juu ya boksi la masufuria, akamzungusha mtu mzima nusu saa nzima. Jamani, raha aliyoipata siku ile haisemeki! Ni Nyanjige aliyeingia na kumkazia macho. "Dada, mwonee huruma. Kesho si mbali."

"Haya, inuka, shemeji," Kabula akasema. "Hata ukiipeleka mashine hii juu ya mlima, kisu hakijui habari za povu. Chenyewe kinafuata reli zake. Kama ubao wa chini, huu unaolazia kazi, umeinuka upande mmoja, kila unachokilaza juu yake kitainuka upande huohuo. Ukitaka ubao ulingane na kisu, kiachie kisu chenyewe kiulambe."

"Kiulambe ubao huu?" Hamza akaukumbatia kwa mikono miwili. "Nimeupiga vanishi mara mbili!"

"Umempamba ng'ombe wa kuchinjwa. Huu kazi yake ni kuliwa ili meza ipone. Shika penseli."

Akampa penseli nene ya useremala, akamwamuru achore mistari ubao mzima, huku na huku, asibakize mahali. Hamza akachora kwa adabu, mistari imenyooka kama daftari la hesabu. Kabula akamnyang'anya, akakoroga kona moja kama mtoto wa chekechea, akamrudishia. "Chafua, bwana!"

"Skrubu zinazoushika ubao umezizamisha?" Kabula akauliza.

"Zimezama zote."

Kabula akapitisha kidole, kikagota. "Hii imezama wapi, ziwani?"

Hamza akachukua bisibisi, akaizamisha. Wakafunga kisu kipana cha kusawazisha, wakakishusha pale ubao ulipoinuka zaidi mpaka kikabana kipande cha karatasi, hapo wakapaita sifuri. Kisha wakakiteremsha nusu milimita, wakajifunga vitambaa puani, wakawasha. Mashine ikalia, ikaenda, ikarudi, vumbi likatimka hadi kwenye vikombe vya dukani. Kushoto mistari ikafutika yote. Kulia haikuguswa hata mmoja.

"Haikati!" Hamza akaruka kuizima.

"Haijafika. Ubao ndio unakuonyesha bonde lilipo. Ongeza nusu."

Wakaongeza. Mara ya tatu ikabaki alama kwenye kona, kama kiganja cha mtoto.

"Hiyo inatosha, shemeji. Nani ataiona?"

"Baba mkwe wako anatoa kupe gizani kwa kidole gumba. Rudia."

Akarudia. Penseli ikaisha kabisa. Hamza akapapasa ubao ule mweupe usio na vanishi wala mistari, akasahau kwamba alikuwa na hofu. Jioni ile akalaza juu yake kipande cha mninga, na bao likatoka.

Alhamisi asubuhi mzee akaingia. "Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma, akalichukua bao, akatia kidole gumba katika kila shimo, safu zote nne, mashimo thelathini na mawili.

"Nani kachonga?"

"Mashine, baba," Kabula akajibu haraka, maana mdomo ni mdomo. Hamza akanywea, Kabula akamwonea huruma. "Lakini mashine aliinyoosha yeye. Bila yeye ingekuchongea karai."

Mzee akatoa mfuko wa kete kwenye koti, akavuta kigoda mpaka mlangoni mwa duka, akazipanga kete zake. "Kaa, Hamza. Anza wewe."

Nyanjige akaziba mdomo. Hamza akakaa, akayatazama mashimo. Kina chake alikijua hadi nusu milimita. Kete inakwendaje, hakujua.

"Baba... sijui kucheza."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mashimo yote haya, na hujui hata moja linakula vipi?" Akaushika mkono wa mkwe wake, akautia kete, akamfumbatisha vidole. "Unazimwaga moja moja. Ukikosea unarudia."

Mpaka saa nane mchana hakuna sufuria iliyouzwa. Wateja waliokuja kumuulizia mwenye duka, mzee aliwajibu bila kuinua macho.

"Mwacheni. Hamza yuko na baba yake."