Picha ya Mama Wanga

Mama yangu mtaa mzima unamwita Mama Wanga, na asiyemjua hushtuka akadhani ni wale wanaoruka usiku. Wanga wenyewe ni ule wa kukazia kola. Mama ni dobi, na shati likitoka mikononi mwake linakaribia kusimama lenyewe.

Mpiga picha alitoka mbali, akapanga kwenye nyumba ya wageni iliyo mkabala na yetu, akatuletea begi zima la nguo chafu. Alikuwa akizunguka kupiga picha za maisha ya watu wa huku kwa ajili ya jarida la kwao. Sisi tulikuwa hatujui kwamba tunaishi maisha ya kuandikwa jaridani.

Mchana wa siku aliyokuwa aondoke, alitokea uani kwetu na kaptura na fulana tu, maana kila alichonacho kilikuwa kwenye kamba yetu. Mama ameinama kwenye beseni, gauni la kazi limelowa, povu mpaka viwikoni, kilemba kimeteleza. Kamera ikalia.

"Mwanangu, ungebisha hodi," Mama akasema. "Ngoja nikabadilishe nguo."

"Hapana, mama, usibadilishe. Hivyo hivyo unapendeza. Ndiyo maisha halisi."

Nilipandwa na hasira. Mama ana gauni lake la buluu ambalo hulipiga pasi kabla ya kulivaa na baada ya kulivua. Hilo nalo si maisha?

"Ifute hiyo," Mama akasema.

Jamaa akacheka. "Mama, hii ndiyo picha bora ya safari yangu yote!"

"Safari ni yako. Na mgongo ni wa nani?"

Akajitia kufungafunga mkoba wa kamera. Mama akajifuta mikono, akaenda kwenye kamba, akaanua mashati ya jamaa, suruali zake, mpaka soksi, akaingia navyo ndani na kufunga mlango. Sauti ikatoka dirishani, tulivu kabisa.

"Basi lako likija, panda hivyo hivyo. Unapendeza."

Majirani wakavunjika mbavu. Jamaa akanitazama nimwokoe.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Huyo ni Mama Wanga."

Akasogea dirishani, akaigeuza kamera ili Mama aone kwa macho yake, akaifuta ile picha.

Mama alitoka amevaa gauni la buluu. Akaketi kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono magotini, uso hautaki mchezo.

"Tabasamu kidogo, mama."

"Piga."

Akapiga. Kisha akasema kwa unyonge kwamba wakubwa wake hawataichapisha picha kama hiyo.

"Kwani nimewaomba?" Mama akamkabidhi nguo zake, zimekunjwa, zina joto la pasi. "Zako nimekusafishia. Na wewe nisafishie yangu, kubwa, nitundike sebuleni kwangu."