Mtahini wa Zaina alikuwa mama yake

Jana asubuhi nilimpigia Zaina simu nimuulize maana ya neno. Iliita mpaka ikakatika, ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika Jumanne. Siamini bado, jamani.

Kwa msiomfahamu: Zaina alikuwa mwandishi mwenzangu hapa Tanga. Meza yake ilipakana na yangu miaka kumi na moja.

Wote wawili tulianza kazi na Kiingereza cha kuombea maji.

Siku moja tulitumwa Amani, kwa watafiti wa msitu. Mtafiti mmoja mgeni aliongea Kiingereza dakika arobaini, Zaina akiitikia kwa kichwa. Stori yake ilipotoka, ilisema msitu umepona. Mgeni alikuwa amesema kinyume. Gazeti likaomba radhi.

Mimi pia sikuelewa siku ile. Tofauti ni kwamba sikuandika.

Zaina hakulia. Alinunua kaunta buku, akaanza kukusanya maneno ya Kiingereza, matano kwa siku, deadline au hakuna deadline.

Sheria aliitunga mwenyewe: neno si lako mpaka mama alielewe. Mama yake, Bi Mwanahawa, hakusoma hata darasa la kwanza. Alikuwa akisuka ukili uani kwao Ngamiani, Zaina anamweleza neno kwa Kiswahili, kisha anatoa mfano. Mama akiridhika husema, "Umepasi." Asiporidhika, neno linarudi kesho.

Nakumbuka siku ya "reluctant", nami nimekaa nao uani. "Ni mtu anayefanya jambo, lakini moyo wake haupo," Zaina alisema.

"Kama nani?"

"Kama huyu kaka, ukimwambia aoshe sahani."

Mama alicheka mpaka ukili ukamponyoka. "Umepasi. Na wewe baba, sahani zile pale."

Niliziosha.

"Meticulous" ilimtesa siku tatu. Alipasi alipomtaja mshona kofia wa barabara ya kumi na mbili, yule anayefumua kofia nzima kwa tundu moja lililokosewa.

Miaka ikapita. Tukarudi Amani, na maswali yote aliuliza yeye. Mtafiti mmoja akataka kujua alisomea Kiingereza wapi.

"Uani," alijibu. Hakutania.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Zaina hospitalini, alikolazwa. Daktari alizungumza naye kwa Kiingereza, nadhani kwa kumstahi mama aliyekaa kando ya kitanda. Alitumia neno "palliative". Alimaanisha kwamba tiba ya kuponya imeisha, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Neno hilo lilikuwamo kwenye kaunta buku ya Zaina zamani, ila hakuwahi kumpelekea mama.

Mama akauliza, "Hilo ndilo neno la leo? Haya, nieleze."

"Ni dawa za kutuliza maumivu, mama."

Ilikuwa kweli, lakini nusu yake. Kazi yangu yote ni kutafuta nusu inayobaki. Siku ile niliiacha.

"Kama nini?"

Zaina alifikiri kidogo. "Kama kumpepea mtu mwenye homa."

Mama akasema, "Umepasi."

Matanga yalipoanuliwa nilikwenda kumuaga. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Nikaanza kumwambia kwamba lile neno la hospitali, kuna kitu Zaina alikiacha.

Alinikatiza. "Baba, kumpepea mtu hakumtoi homa. Nani asiyejua hilo? Ila mwanangu alikuwa ameshajichosha kunificha. Nikampasisha apumzike."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kaunta buku, akanikabidhi. Akasema nifike Alhamisi na neno, na nisije na mfano wa ovyo.

Zaina, unanijua. Nitakwenda kwa mguu mzito, kama siku ya zile sahani. Lakini nitakwenda.

Mama alishajua; kazi ya kumficha imekwisha. Lala salama, dada yangu. Umepasi.