Njegere za Mwisho Kushuka

Wiki ile mwalimu wetu wa biashara, kidato cha tatu, alituambia kuwa uchumi ni sayansi ya jamii, kwa sababu unachunguza jinsi watu wanavyochagua pale vitu visipowatosha wote. Akaongeza kuwa kila muuzaji hutazama kwanza faida yake. Niliandika bila ubishi. Jumamosi, nikishuka mlima na mama, kila mmoja na tenga lake la njegere, maneno yale yakaanza kunitia hofu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na pikapu mpaka chini ya mlima, na pikapu ikishajaa, imeondoka. Goti la mama lilikuwa limevimba. Wenzake walishatupita zamani. Njegere zikilala zinasinyaa, na hizo ndizo zilikuwa ada yangu.

Kina mama wa kwetu walikuwa na desturi: walioshuka pamoja hawafungui tenga mpaka wa mwisho afike.

"Watatungoja?" nikamuuliza mama.

"Zamani wangengoja. Siku hizi sijui. Tembea."

Tulipokata kona ya mwisho nikaiona pikapu. Tupu. Kina mama wamekaa juu ya mawe, matenga yao yamefunikwa majani ya migomba, na mnunuzi, Mnyamwezi mnene, mtani wa kabila letu, anazunguka gari akijipepea kwa kofia.

"Nyie Waluguru, kuuza njegere mpaka kikao kitimie?"

"Tulia, mtani," mmoja akamjibu. "Babu zako walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, wewe kusubiri goti la mtu mmoja unalia?"

"Basi kambebeni mgonjwa wenu!"

"Kambebe wewe, ndiyo kazi ya ukoo wenu."

Mnunuzi alicheka mpaka akaegemea gari. Nikawaamkia wote, shikamooni. Ndipo bei ikaanza kuzungumzwa, kina mama wakiwa kitu kimoja, naye akapandisha mara mbili huku akiwatukana kiutani.

Tangu hapo nimehamahama mno. Nimeuza vitunguu Dumila, nimepanga chumba Kihonda na kwingine nisikokukumbuka vizuri. Nikifika soko geni, kabla ya kuuliza bei, huwa natazama nani anamngoja nani.

Siku ile tenga la mama lilipakiwa la kwanza. Mwanamke mmoja akampisha kwenye jiwe lake. Mama akakaa, akanyoosha mguu, akaomba maji.